Kuchagua mada ya tasnifu katika hisabati halisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa uzamili na uzamifu walioko Nairobi na viunga vyake, kuanzia Chiromo na Madaraka hadi Thika Road na Juja, ambao wamemaliza masomo ya darasani au wako ukingoni kuyamaliza, na sasa wanadaiwa mada. Tunaposema hisabati halisi tuna maana ya aljebra, uchanganuzi, nadharia ya nambari, topolojia, jiometri na jamaa zake. Wa takwimu na hisabati tumizi mnakaribishwa, ila mengine hayatawafaa.

Niliandika "nadharia ya makundi" kwenye fomu, nikarudishiwa. Kwani mada ni nini?

Nadharia ya makundi ni mtaa mzima. Fomu ilikuuliza nyumba. Mada inayobebeka hukaa kama sufuria juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni kitu unachochunguza: kundi gani, ringi gani (seti yenye kujumlisha na kuzidisha), opereta za aina gani. La pili ni kipimo unachotaka kukijua kuhusu kitu hicho: idadi, upeo, umbo, ndiyo au hapana. La tatu ni mbinu, yaani theoremu au ujanja unaotarajia kuutumia, ambao tayari umefanya kazi mahali pengine.

Chukua kichwa kama "Baadhi ya tabia za opereta katika nafasi za Hilbert". Kitu kipo, lakini kimekuwa kipana kama bahari. Kipimo hakipo, mbinu haipo. Linganisha na hiki: "Kipenyo cha grafu ya vigawanyo vya sifuri kwa ringi zenye elementi p⁴, kwa kutumia uainishaji wa ringi hizo". Hata asiyejua maneno yote anaona kwamba mwenye mada hii anajua ataketi kufanya nini Jumatatu asubuhi. Hilo la Jumatatu ndilo jaribio letu. Usipoweza kutaja hesabu ya kwanza utakayoifanya, bado una eneo tu.

Mafiga nimeyaelewa. Nionyesheni mfano mmoja tangu mwanzo.

Chukua hesabu ya saa: nambari 0 hadi 11, ambako 12 hurudi kuwa 0. Hiyo ndiyo ringi ya Z₁₂. Humo 3 × 4 = 0, ingawa 3 si sifuri wala 4 si sifuri. Nambari za namna hiyo huitwa vigawanyo vya sifuri. Mwaka 1988 Beck alianzisha wazo la kuzichora kama grafu, na mwaka 1999 Anderson na Livingston wakalipa sura inayotumiwa zaidi leo: kila kigawanyo cha sifuri, 0 yenyewe ikiachwa nje, ni nukta; nukta mbili huungwa kwa mstari zikizidishwa na kutoa 0. Walithibitisha kwamba kwa ringi badilifu yoyote (ambamo a × b = b × a), grafu hii haina kipande kilichojitenga, na kwamba kutoka nukta yoyote hadi nyingine mistari 3 inatosha, yaani kipenyo chake hakizidi 3.

Ichore ya Z₁₂ kwa mkono. Nukta ni 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 10, jumla 7. Nukta 6 imeungwa na 2, 4, 8 na 10. Nukta 4 imeungwa pia na 3 na 9, na 8 vivyo hivyo. Mistari ni 8. Kutoka 2 hadi 3 huna budi kupitia 6, kisha 4 au 8. Hiyo ni mistari 3, kwa hiyo kikomo cha theoremu kinafikiwa. Kazi ya nusu saa na karatasi moja.

Sasa panua. Kwa kuwa 12 = 2² × 3, uliza kuhusu n = p²q, p na q zikiwa nambari tasa tofauti. Panga nukta katika mabunda kulingana na kigawo kikubwa cha shirika kati ya kila nukta na n. Mabunda ni manne: la p lina nukta (p−1)(q−1), la q lina p(p−1), la p² lina q−1, na la pq lina p−1. Ukijumlisha unapata p² + pq − p − 1. Mistari nayo huenda bunda kwa bunda. Bunda la p huungana na la pq tu. Bunda la q huungana na la p² tu. La p² huungana na la pq pia. Na ndani ya bunda la pq kila nukta huungana na mwenzake. Idadi ya mistari basi ni (p−1)²(q−1) + p(p−1)(q−1) + (p−1)(q−1) + (p−1)(p−2)/2.

Weka p = 2 na q = 3: unapata nukta 7 na mistari 8, kama ulivyochora. Weka p = 3 na q = 2, yaani n = 18: nukta 11, mistari 13. Ichore na hiyo uhakikishe. Fomula ikikubaliana na mchoro mara mbili, una lema, yaani tokeo dogo la kujengea, ya kuandika.

Hiyo bado si tasnifu. Shamba la Zₙ limelimwa hadi mipakani, na mtahini atakwambia hivyo. Thamani yake ni kwamba sasa una mafiga matatu yaliyosimama, na unaweza kung'oa moja na kuweka jingine. Weka ringi nyingine yenye muundo unaojulikana, ukiacha kipimo na mbinu ya mabunda. Au baki na ringi ileile, ubadilishe kipimo: badala ya idadi ya mistari, uliza rangi ngapi zinatosha ili nukta zilizoungwa zisifanane. Badilisha figa moja tu kwa wakati. Ukibadilisha mawili na hesabu ikakataa, hutajua ni lipi lililoyumba, wala hutakuwa na tokeo la zamani la kulinganisha.

Nitajuaje kwamba mada inatosha uzamili na haijapita kiasi?

Katika vyuo vingi hapa uzamili huwa na takriban mwaka mmoja wa darasa na mwingine wa tasnifu. Toa mwezi wa pendekezo na marekebisho yake, miezi miwili ya kuandika, mwezi wa kusubiri saini. Umebaki na miezi kama minane ya hisabati yenyewe, na si yote utakuwa mezani.

Kwa miezi hiyo tunashauri matokeo 3 hadi 5 yenye uthibitisho kamili, mojawapo likiwa ndilo kubwa na mengine yakilijengea njia. Hali ya kwanza, ile ndogo kabisa, imalizike ndani ya wiki 2. Ikichukua zaidi ya wiki 4, mada ni nzito au msingi wako una pengo. Yote mawili ni vizuri kuyajua mapema. Usomaji wa lazima kabla ya kuanza usizidi sura 4 au 5 za kitabu na makala 3 za utafiti unazozisoma mstari kwa mstari. Mada inayodai usome vitabu vitatu kabla ya kuelewa swali lake ni ya uzamifu, hata iwe tamu vipi.

Kuna kipimo kingine kinachosahaulika: jibu likitoka hapana, utakuwa na nini cha kuandika? Mada nzuri hulipa pande zote. Ukiuliza "ni ringi zipi katika familia hii zenye kipenyo 2?", jibu lolote ni sura. Ukiuliza "thibitisha kwamba zote zina kipenyo 2" na mfano mmoja ukakataa mwezi wa saba, umebaki na ukurasa mmoja.

Mada hupatikana wapi?

Zaidi ya yote, ndani ya uthibitisho wa mtu mwingine. Chukua makala moja, isome na kalamu mkononi, na kila mahali mwandishi anapotumia sharti fulani (ringi iwe badilifu, kundi liwe na ukomo, p isiwe 2) andika pembeni: lingeondolewa ingekuwaje? Masharti mengine yamewekwa kwa lazima. Mengine yamewekwa kwa sababu mwandishi alikuwa na haraka, na hapo ndipo pana nyumba ya mtu wa uzamili.

Sehemu za mwisho za makala, zenye maswali yaliyobaki wazi, nazo zina faida. Ila kumbuka mwandishi huacha pale yale yaliyomshinda. Sura ya mapendekezo katika tasnifu zilizotangulia ni dokezo tu. Mara nyingi huandikwa usiku wa kuamkia kuwasilisha, na ukiifuata kama agizo unaweza kukuta swali ambalo halina maana au lilijibiwa zamani.

Je, nichukue dhana maarufu, yaani dai ambalo bado halijathibitishwa? Ya Collatz (nambari shufwa igawe kwa 2, witiri izidishe kwa 3 uongeze 1, na daima utafika 1) inaeleweka hata na mtoto.

Ndiyo maana usiichukue. Urahisi wa kulisema swali hauhusiani na urahisi wa kulijibu. Dhana ya Goldbach (kila nambari shufwa inayozidi 2 ni jumla ya nambari tasa mbili) iko katika barua ya mwaka 1742, na kwa nambari shufwa bado haijathibitishwa. Sehemu yake ya nambari witiri, ile ya kujumlisha nambari tasa tatu, ilimalizwa na Helfgott mwaka 2013, baada ya karibu karne nzima ya mbinu za uchanganuzi kujengwa juu ya nyingine. Kuhusu Collatz, Tao alipata mwaka 2019 tokeo la "karibu nambari zote", nalo halifungi mlango. Dhana ya Riemann ya mwaka 1859 hatuna haja ya kuieleza.

Kuna njia ya adabu ya kukaribia dhana kubwa: chukua familia moja ndogo ambayo haijaguswa. Mfano mzuri ni dhana ya Wilf ya mwaka 1978 kuhusu nusukundi za nambari, yaani seti za viasi vinavyolipika kwa sarafu za thamani fulani. Tuseme una sarafu za thamani a na b zisizo na kigawo cha shirika zaidi ya 1. Kiasi kikubwa kabisa kisichoweza kulipwa ni ab − a − b. Kwa 7 na 11 ni 59, na viasi visivyolipika kwa jumla ni 30. Ukiongeza sarafu ya tatu mambo yanaharibika: mwaka 1990 Curtis alionyesha kwamba hakuna fomula ya polinomia, wala seti yenye ukomo ya polinomia, inayotoa jibu kwa sarafu tatu. Dhana ya Wilf inaulizia uwiano kati ya viasi vinavyolipika na kikomo hicho. Kwa ujumla iko wazi, lakini kwa familia mbalimbali imethibitishwa, na kuongeza familia moja yenye muundo maalumu ni kazi ya ukubwa wa uzamili. Kichwa cha tasnifu kitaje familia. Kisitaje dhana kana kwamba unaenda kuimaliza.

Vivyo hivyo kuhusu miti yenye lebo maridadi (grafu zisizo na mzunguko, nukta zikipewa nambari ili tofauti kwenye kila mstari isijirudie), dhana inayotokana na kazi ya Rosa ya mwaka 1967. Aina nyingi za miti zimeshafanywa, kwa hiyo pitia kwanza orodha ndefu ya Gallian katika Electronic Journal of Combinatorics kabla hujaibatiza familia yako kuwa mpya.

Nitahakikishaje swali langu halijajibiwa?

Tenga siku 5 kamili, kabla ya kuandika pendekezo.

Anza na zbMATH Open, hifadhidata ya makala za hisabati, ambayo tangu 2021 ni ya bure. Tafuta kwa msimbo wa mada, kwa sababu maneno hubadilika na misimbo haibadiliki ovyo: 13A70 kwa grafu za ringi, 05C25 kwa grafu na aljebra, 20B kwa makundi ya mageuzo, 47A12 kwa eneo la nambari la opereta, 47B47 kwa derivesheni na opereta za msingi, 11D07 kwa swali la sarafu. Kisha nenda arXiv, iliyoanza 1991, ambako makala hukaa kabla ya kuchapishwa. MathSciNet ni ya kulipia; uliza maktaba ya chuo chako kama ina usajili. Baada ya hapo chukua makala yako kuu na uangalie nani ameirejelea tangu itoke. Hatua hii ndiyo hunasa wengi, kwa kuwa aliyejibu swali lako karibu hakika alitaja makala hiyohiyo.

Mwisho, na usiiruke hata kidogo: pekua hazina za mtandaoni za tasnifu za vyuo vya hapa nchini. Mada za idara zetu huzunguka palepale, hasa opereta, mageuzo ya makundi na ringi zenye ukomo. Inawezekana mtu aliyeketi dawati lako miaka sita iliyopita alifanya kitu hichohicho kwa n nyingine.

Kuhusu hizo "n nyingine": kundi la mageuzo yote (njia zote za kupanga upya) ya vitu n, likitenda juu ya jozi, lina vijidigrii (ukubwa wa mafungu ambamo jozi huangukia ukishikilia jozi moja) 1, 2(n−2) na (n−2)(n−3)/2. Kwa n = 5 ni 1, 6 na 3, na hiyo 3 ndiyo grafu ya Petersen yenye nukta 10. Kwa seti za vitu r, ikiwa n ≥ 2r, ranki, yaani idadi ya mafungu hayo, ni r + 1, na kila kijidigrii ni zao la michaguo miwili: vitu i kati ya r, mara vitu r − i kati ya n − r. Jibu lote limeingia katika sentensi moja. Kwa hiyo pendekezo la "ranki na vijidigrii kwa n = 7 na r = 3" halina swali ndani yake, hata likipita kamati.

Nimekuta tayari imechapishwa. Nimekwisha?

Hapana, ila usijifanye hukuiona. Soma makala hiyo yote. Angalia kama uthibitisho wao unagusa hali zote ulizokusudia; mara nyingi p = 2 imeachwa nje kwa neno moja. Angalia kama mbinu yako ni fupi au inatoa zaidi (wao wana kikomo cha juu, wewe una thamani kamili). Ukikuta hakuna mwanya, geuza makala hiyo kuwa figa lako: sasa una kitu na mbinu vilivyothibitishwa, badilisha kipimo. Aliyegundua hili mwezi wa pili amepoteza wiki chache. Anayegunduliwa na mtahini wa nje hupoteza mwaka.

Kompyuta inasaidia kiasi gani?

Sana kwa kukisia, kidogo kwa kuthibitisha. GAP na SageMath, programu za hesabu za aljebra, ni za bure na zinaendeshwa na kompyuta ya mkononi ya kawaida. Maktaba ya makundi madogo ndani ya GAP ina makundi yote ya oda (idadi ya elementi) hadi 2000, isipokuwa 1024.

Ila jihadhari na namna idadi inavyolipuka. Kwa nambari tasa p yoyote, makundi ya oda p² ni 2 na ya oda p³ ni 5. Ya oda p⁴ ni 15, isipokuwa kwa p = 2 ambako ni 14. Hadi hapo mtu anaweza kuyapitia moja moja. Endelea na nguvu za 2: oda 32 ina makundi 51, oda 64 ina 267, oda 128 ina 2,328, oda 256 ina 56,092, na oda 512 ina 10,494,213. Mwanafunzi anayepanga "kuchunguza makundi yote ya oda 2ⁿ kwa n hadi 9" hajapiga hesabu hii. Ishie 32, au bora zaidi chagua familia yenye fomula, kama makundi ya dihedroni (ulinganifu wa poligoni sawa yenye pande n), ambayo n yake inaweza kuwa yoyote.

Hifadhi msimbo wako na matokeo mahali pawili. Programu iliyokimbia saa kumi bila kuandika matokeo kwenye faili hupotea yote stima ikikatika.

Msimamizi wangu si wa eneo ninalolipenda. Nimfuate yeye au mada?

Kwa uzamili, mfuate msimamizi. Mapenzi ya eneo yanaweza kusubiri uzamifu. Msimamizi anayelijua eneo hukuokoa kwa sentensi moja ("hiyo lema ni ya uongo kwa p = 2") mahali ambapo asiyelijua angekuacha miezi miwili. Kabla hujakubali, muulize kwa heshima mambo matatu: profesa, ni makala gani ningeanza nayo, mwanafunzi wako wa mwisho alichukua muda gani, na tutaonana mara ngapi kwa mwezi? Mara 2 ni kiasi kizuri. Usiende mikono mitupu: peleka ukurasa mmoja ulioandikwa, hata kama ni mfano ulioharibika.

Wasimamizi wengi wamebeba wanafunzi wengi, na hilo halitabadilika mhula huu. Fidia kwa semina ya idara, kwa wenzako wa darasa, na kwa shule za muda mfupi zinazoandaliwa na CIMPA, kituo cha kimataifa cha hisabati, au na mtandao wa EAUMP unaounganisha idara za hisabati za Afrika Mashariki na jirani zake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, nasoma jioni na wikendi. Nichague nini?

Chagua mada inayokatika vipande vya saa mbili. Kombinatoriki, nadharia ya grafu, ringi zenye ukomo na mageuzo ya makundi hukatika hivyo: unahesabu hali moja Jumanne, nyingine Alhamisi. Uchanganuzi wa opereta hukatika kwa shida zaidi, kwa sababu uthibitisho mmoja unaweza kudai uushike wote kichwani, na kichwa kilichotoka kusahihisha madaftari kisha kikakaa kwenye matatu ya Thika Road saa moja na nusu hakishiki. Kama unaipenda sana, jifunge kwenye matriki ndogo. Eneo la nambari la matriki A (thamani zote za x*Ax kwa vekta x zenye urefu 1) ya 2×2 ni duaradufu (au kilichobaki duaradufu ikibanwa: kipande cha mstari, au nukta), maumbo ya 3×3 yaliainishwa na Kippenhahn mwaka 1951. Familia maalumu ya 4×4 ni swali linaloshikika.

Weka kazi nzito likizoni, Aprili, Agosti na Desemba. Mhula wa tatu wa mitihani ya KCSE usiuhesabu kabisa kwenye ratiba.

Fomu ya pendekezo inadai sampuli, vifaa vya kukusanyia data na mfumo wa dhana. Nijaze nini?

Fomu nyingi ziliandikwa zikiwalenga watu wa sayansi za jamii. Usibuni sampuli. Kwenye mbinu, taja theoremu utakazotegemea kwa majina, eleza hatua ("tutagawa elementi katika madaraja kwa oda, kisha tutahesabu kila daraja"), na useme programu itatumika kwa mifano tu. Malengo yawe 3, kila moja likianza na kitenzi kinachopimika: kuainisha, kuhesabu, kuthibitisha, kutoa mfano pingamizi. "Kuchunguza" na "kuelewa" ni vitenzi vya kujifichia.

Weka tokeo moja dogo lenye uthibitisho ndani ya pendekezo lenyewe. Hakuna kinachonyamazisha kamati haraka kama hicho. Kuhusu leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), ulizia ofisi ya uzamili ya chuo chako mapema, maana utaratibu wa kuwasilisha ni wao.

Tasnifu ya kufafanua kazi za wengine, bila tokeo jipya, inakubalika?

Baadhi ya programu huikubali kwa uzamili, hasa zile ambazo mradi una uzito mdogo kuliko masomo. Soma kanuni za chuo chako. Ikikubaliwa, isiwe kunakili: chagua theoremu moja kubwa, jaza kila hatua ambayo mwandishi alisema "ni dhahiri", na ongeza mifano yako 4 au 5.

Uzamifu unatofautianaje?

Mada ya uzamifu inahitaji figa moja liwe lako: kitu kipya, kipimo kipya au mbinu mpya. Pia inahitaji maswali 3 yanayohusiana, ili moja likikataa mengine yabebe tasnifu. Panga moja unalojua utalimaliza mwaka wa kwanza, moja la wastani, na moja ambalo hata msimamizi hana hakika nalo. Mwenye lile gumu peke yake anacheza kamari na karo yake.

Nimekwama miezi mitatu. Nibadilishe mada?

Kwanza punguza. Ringi zote zimekataa? Chukua zenye elementi p³. Opereta zote? Chukua zile za kawaida, zinazobadilishana nafasi na mwambatani wake (kwa matriki, ile iliyogeuzwa safu kuwa nguzo na kuchukuliwa konjugeti). Kama hali ndogo inatoka na kubwa haitoki, linganisha hatua kwa hatua uone uthibitisho unavunjika mstari gani. Mstari huo wenyewe huwa ni tokeo, kwa sababu unakuonyesha sharti linalohitajika. Kama hata hali ndogo kabisa haitoki baada ya wiki 6 za kazi ya kweli, badilisha figa moja ukiwa na baraka za msimamizi. Kubadilisha yote matatu kunamaanisha pendekezo jipya, kamati mpya, na pengine mhula mwingine wa karo.

Naweza kuiuliza programu ya akili bandia initafutie mada au uthibitisho?

Kwa kukumbushwa fasili au kuandika msimbo wa GAP, sawa. Uthibitisho inaoutoa uusome kama wa mwanafunzi mwenye maneno mengi: kosa hukaa pale paliposemwa "kwa urahisi tunaona". Makala inazozitaja zitafute moja moja kwenye zbMATH, maana nyingine hazipo duniani. Na angalia sera ya chuo chako kuhusu kutangaza matumizi hayo.

Nichapishe wapi, na lini?

Anza kuandika makala mara tokeo kubwa likishakaguliwa na msimamizi, usisubiri tasnifu nzima. Majarida ya kweli ya hisabati huchukua miezi mingi kusoma, mara nyingine mwaka, kwa sababu mtu anakagua uthibitisho hatua kwa hatua. Jarida linalokubali makala baada ya siku 4 na kudai dola kupitia barua pepe halijamwonyesha mtu yeyote uthibitisho wako. Yapo mengi yasiyotoza mwandishi kitu, na Afrika Matematika, jarida la Umoja wa Wanahisabati wa Afrika, ni mahali pa heshima pa kuanzia. Kabla ya kutuma popote, fungua zbMATH uone kama jarida hilo linaorodheshwa humo, kisha soma makala mbili zake za karibuni katika eneo lako. Ukikuta kosa kwenye lema ya kwanza, funga ukurasa.